Re: Mama anaonja uji vijiko vitatu, anasukuma bakuli

Pole, ndugu. Kwa umri wake wa miaka 78 usimwongezee bakuli. Ongeza kilichomo ndani. Uji wa maji matupu unajaza tumbo tu. Upike kwa maziwa, na ukishaiva koroga kijiko kikubwa cha siagi ya karanga (karibu kalori 95) na kijiko cha chai cha mafuta (40) kwa kila kikombe. Yai nalo linafaa: lipige pembeni, limiminie uji wa moto kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha rudisha yote jikoni yachemke dakika mbili. Ukilitumbukiza moja kwa moja litaganda mabonge, naye atakataa.

Mpe nusu kikombe kila baada ya saa mbili au tatu. Chai ije baada ya chakula, si kabla. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mkague na kinywa: meno ya bandia yaliyolegea, vidonda, utando mweupe. Choo kigumu huondoa hamu ya kula, na dawa kama metformin (ya kisukari) vilevile, ila usiikatishe bila daktari. Akikohoa anapomeza, au akishuka kutoka kilo 60 hadi 57 ndani ya mwezi, mpeleke hospitali.