Mfuko wa Nyumba: Mume hajui ninalodaiwa, na mimi sijui analodaiwa yeye

SWALI: Assalaamu alaykum. Tunaishi Fuoni na tuna watoto wawili. Mume wangu ni mwalimu. Kinachoingia mkononi ni 520,000 kwa mwezi, baada ya benki kukata 180,000, na bado miezi 22 ya kukatwa. Mimi nauza maandazi na vitumbua, faida yangu ni kama 6,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Yeye huniachia 10,000 kila siku ya matumizi. Hivi karibuni nilichukua mkopo wa mtaani, kausha damu, 300,000 kwa mtaji na mchango wa harusi ya binti ya ami yangu. Narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, zimebaki siku 12. Mume hajui. Duka la jirani linatudai 285,000, kitambaa cha sare 120,000, televisheni 240,000 tunayolipa 40,000 kwa mwezi, na wifi yangu 200,000. Kwenye simu yangu nadaiwa 35,000, na juzi nikaona yeye kwenye yake anadaiwa 60,000. Nianzie wapi? (Mama Wawili)

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Mama Wawili, tazama kwanza siku yako moja tu. 10,000 za mumeo na 6,000 zako ni 16,000. Ukishatoa 13,000 za marejesho, zimebaki 3,000 za kulisha watu wanne. Hazitoshi, kwa hivyo mtoto anatumwa dukani na kauli ya "mwambie aandike". Tunaamini sehemu kubwa ya zile 285,000 imetokea hapo. Mumeo anaona kila siku ametoa 10,000 na daftari bado linapanda. Inawezekana sana anadhani huna mkono wa kushika pesa, na anapolilipa duka kwa pesa za mshahara, nauli anaitafuta kwenye simu.

Na ghali yenyewe ni kubwa kuliko ulivyoambiwa. Umechukua 300,000 unarejesha 390,000, nyongeza ni asilimia 30. Lakini kwa sababu unalipa kila siku, hukukaa na 300,000 mwezi mzima. Ukifika katikati ya mwezi umesharejesha 195,000. Kwa wastani ulichokitumia kwa mwezi ule ni nusu tu ya mkopo, na 90,000 umezilipia hiyo nusu.

Kwa hivyo pa kuanzia ni kumwambia. Chagua usiku baada ya Isha, watoto wameshalala, na isiwe siku ya mshahara wala siku mwenye duka amekuja kudai. Anza na la kwako, na utaje kiasi chote kwa mara moja: nilichukua 300,000, zimebaki 156,000. Anayetoa nusu leo na nusu wiki ijayo anaaminiwa mara ya kwanza tu. La simu yake usilitangulize. Ukianza na "nimeona kwenye simu yako", mtazungumza habari ya simu hadi alfajiri na deni litabaki pale pale.

Kisha kila mmoja achukue karatasi yake aandike anayodaiwa: nani anadai, kiasi gani, siku gani ya kulipa, na nini kinatokea ukichelewa. Hiyo safu ya mwisho ndiyo itakayopanga nani alipwe mwanzo. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeagiza deni liandikwe, na wengi tunaandikiana na mwenye duka lakini mke na mume hatuandikiani. Hapa pana jambo la kulisema wazi: gharama ya chakula, mavazi na makaazi iko juu ya mume, na faida ya maandazi ni mali yako. Ukiridhika kuisaidia nyumba, andikeni pembeni kama ni msaada au ni mkopo kwake. Baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka, na hapo ndipo watu hufikishana kwa kadhi kwa jambo ambalo mstari mmoja ungelimaliza.

Siku ya pili nendeni dukani pamoja, saa isiyo na wateja. Ombeni ukurasa wenu usomwe mstari kwa mstari. Mtakuta boflo 2, sukari nusu, mafuta robo, vocha 1,000, boflo 2, biskuti, halafu mstari umeandikwa "juzi 4,500" bila ya jina la kitu. Mistari ya namna hiyo ndiyo ya kuuliza, kwa adabu, kwa sababu mara nyingi si wizi. Mtoto kachukua kitu hamkujua, au mwenye duka aliandika akiwa na watu. Mkikubaliana jumla, pigeni mstari chini yake, tieni saini nyote, muahidini 20,000 kila Alhamisi. Kuanzia hapo hakuandikwi tena, na mtoto hatumwi bila ya pesa mkononi. Kosa linalowaangusha wengi ni kuona haya wakahamia duka la pili, na baada ya wiki mbili huko nako kuna ukurasa. Endeleeni kununua pale pale kwa taslimu, hata kama ni boflo moja.

Sasa pesa. Mwezi wa kwanza mna 520,000 na 156,000 zako, jumla 676,000. Siku ya mshahara tengeni 156,000 za kausha damu kabla ya kitu chengine. Ulizeni kama mkilipa zote siku moja mtapunguziwa. Wakikataa, walipeni kwa siku kama mlivyokubaliana lakini pesa iwe imeshawekwa, na kila malipo yaandikwe kwenye kadi mbele yenu. Chakula 270,000, umeme wa Tukuza 20,000, nauli 30,000, skuli na madrasa 20,000, televisheni 40,000, duka 80,000. Zinabaki 60,000, zifute deni la simu la mume. Mwezi wa pili kausha damu haipo, zile 156,000 na 60,000 ziko huru. Lipa simu yako 35,000, sare 120,000, duka liongezwe 31,000 juu ya 80,000 zake, na 30,000 ziwekwe. Mwezi wa tatu duka linabakiwa na 94,000 tu, mnalifunga, na wifi anapata 100,000 za mwanzo. Mwezi wa nne anapata zilizobaki. Televisheni itakwisha mwezi wa sita kwa mwendo wake, haina sababu ya kuharakishwa.

Wifi tumemuweka nyuma kwa sababu deni lake halizai. Lakini mumeo aende kwa dada yake leo, kwa miguu yake, amwambie tarehe. Ndugu anaumia zaidi kwa kunyamaziwa kuliko kwa kuchelewa.

Deni la simu tumelitanguliza ingawa ni dogo. Pesa ya kuazima kwenye simu hukatwa pale pesa yoyote inapoingia. Mteja akikutumia 15,000 za maandazi ya hitima, unakuta umebakiwa na za kununulia hamira. Na kama zile 60,000 zimetoka kwenye programu ya mikopo ya mtandaoni, angalieni ina leseni. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu zinazokopesha bila ya leseni. Nyengine katika mikopo ya aina hii huchukua majina yaliyomo kwenye simu na kuwapigia jamaa zako kukuaibisha.

Chakula cha 9,000 kwa siku kinawezekana kwa sharti la kuacha kununua kwa robo robo. Pimeni wenyewe: chukueni bei ya robo ya sukari dukani kwenu, zidisheni mara nne, linganisheni na bei ya kilo. Fanyeni hivyo kwa mafuta na mchele. Familia ya watu wanne hula karibu nusu kilo ya mchele kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Siku ya mshahara nunueni hizo 15, sukari kilo 4, mafuta lita 3, na maharage au choroko kilo 3. Kinachobaki kigaweni kwa siku 30, hicho ndicho cha kitoweo, nazi na mboga. Siku za upepo mkali wa kusi, boti zikishindwa kutoka, fungu la samaki hupanda sana. Siku hizo ni za dagaa wakavu na choroko, na ziwe zimepangwa tangu mwanzo.

Unga wa biashara na unga wa nyumbani viwe vyombo viwili, na mafuta vile vile. Tunakuomba ulishike hili kwa nguvu. Ukichota unga wa maandazi kupikia chapati za usiku, zile 6,000 unazoziita faida huzijui tena, na mtaji ukiliwa ndipo mtu anaporudi kwa kausha damu.

Benki msiiguse. Mumeo ataambiwa anaweza kuongezewa mkopo juu ya huu. Akikubali, deni jipya kwanza linafuta la zamani, mkononi anapata kilichobaki, na miezi 22 inaanza tena kuwa 48 au 60 pamoja na gharama zake upya.

Tumebakisha shughuli, na hapa ndipo penye mazoea magumu. Kaeni mkatae au mkubali kwa miezi mitatu mbele: harusi zipi za kwenda, na sare ngapi. Sisi tunaona sare moja kwa miezi sita inatosha kwa nyumba inayodaiwa. Nyengine nenda na nguo nzuri uliyonayo, uende mapema, uingie jikoni ukamenye vitunguu na kukuna nazi. Mwenye shughuli humkumbuka aliyekaa na moto kuliko aliyevaa kitambaa. Msiba ni jambo jengine, huo msiupunguzie. Wekeni 5,000 kila mwezi kutoka kwenye akiba, pembeni, kwa ajili yake.

Mkae tena kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nusu saa, na karatasi zile zile. Mwezi mmoja utavurugika, mtoto ataugua au daladala zitapanda. Mwezi huo punguzeni malipo ya wifi, msirudi kwenye simu.

SWALI: Niko Wete. Mume wangu ana mikarafuu ya urithi. Kila msimu ukikaribia huchukua pesa kwa mtu na kumuahidi karafuu, na tukishavuna tunabaki na madeni yale yale. Sasa anataka kuchukua tena. Nimwambie nini? (Mke wa Mkulima)

JIBU: Muulize mambo matatu, naye ayaandike: kila kilo kavu amehesabiwa kwa bei gani, nani atawalipa wachumaji, na nani ataanika. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu, na mkulima anayeahidi kwa kutazama mti ulivyojaa hujikuta ameahidi mara tatu ya alichonacho. Linganisheni bei hiyo na inayotangazwa vituoni na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Tofauti baina ya bei mbili, mara idadi ya kilo, ndiyo bei halisi ya mkopo wake. Na ZSTC ndiyo mnunuzi anayetambuliwa na sheria. Kumkabidhi mtu binafsi karafuu ni magendo, mnaweza kupoteza karafuu na pesa pamoja.

Kama hana budi kukopa, akope pesa na alipe pesa, na kiasi kisizidi palizi na ujira wa wachumaji wa mwanzo. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kwa hivyo mara mnapouza mkupuo wa kwanza mnaweza kulipia uchumaji wa pili bila ya mkopeshaji. Zichambuliwe makonyo siku ile ile zilipochumwa na zianikwe asubuhi juu ya majamvi. Karafuu mbichi zikilazwa ndani ya gunia huchemka, hupauka na daraja hushuka, na hasara ya daraja huila ile pesa mliyotaka kulipia deni.

Siku ya kulipwa nendeni wote wawili. Wadai walipwe kabla ya kufika nyumbani, halafu nunueni mapolo ya mchele ya miezi mitatu. Mavuno makubwa hayaji kila mwaka, basi mwakani hesabuni kwa mavuno madogo.

SWALI: Nafanya kazi hotelini Jambiani. Masika hoteli hufunga na mimi hukopa hadi Juni. Mke wangu analima mwani. Tujipange vipi? (Mfanyakazi wa Hoteli)

JIBU: Jumlisha ulichopata kwa miezi 12, na bakshishi ndani yake, ugawe kwa 12. Hicho ndicho kiwango cha kuishi kwa mwezi, hata Agosti. Kinachozidi kipeleke kwenye akaunti isiyofungamana na simu, siku ile ile. Kama miezi isiyo na kazi ni miwili na nyumba inakula 400,000, unahitaji 800,000 kabla ya mwezi wa Machi kwisha, yaani 100,000 kwa kila mwezi katika miezi minane ya kazi nzuri. Pesa za mwani huja kwa bamvua na kwa kadiri ya jua la kuanikia. Msizipangie kodi wala ada, ziachwe kwa mkeo mwenyewe aamue.

SWALI: Nimo kwenye upatu wa watu 10, kila mmoja 50,000 kwa mwezi. Niombe zamu ya mwanzo nilipe madeni? (Bi wa Chake Chake)

JIBU: Omba, ikiwa deni lako linaongezeka kila siku. Zamu ya mwanzo ni 500,000 mkononi na miezi tisa ya kulipa 50,000 bila ya nyongeza, hakuna mkopo wa mtaani utakaoshinda hapo. Ikiwa deni lako halizai, ngoja zamu ya nyuma, ambayo kwako itakuwa akiba. Kabla ya kupokea, mwambie mume, kwa sababu hizo 50,000 za kila mwezi zitatoka nyumba moja. Na kubadilishana zamu kufanywe mbele ya kijumbe na kuandikwe kwenye daftari lake, majina mawili na tarehe.