Tulivyojifunza kucheza briji pamoja bila kugombana

Kosa letu kubwa mwanzoni halikuwa la karata. Mimi na mume wangu tulikaa mezani tukiamini kwamba kwa kuwa tunafahamiana, basi tunaelewana. Tulikuwa na miaka 11 ya ndoa, tunajuana hata kwa hatua za mguu. Briji, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa kila upande, ilituonyesha jioni moja tu kwamba kumfahamu mtu ni jambo moja, na kukubaliana naye ni jambo jingine kabisa.

Nisimulie mgao mmoja wa karata ulionifunza hilo. Yalikuwa mashindano yetu ya kwanza, meza 8, klabu ya jirani tu. Mume wangu alifungua mnada, ile hatua ya kushindania kwa zamu turufu na idadi ya mizunguko ya kushinda, kwa dau la moja bila turufu, maana yake ana pointi 15 hadi 17 na karata zilizogawanyika sawasawa. (Kwa asiyezoea: ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1.) Mimi nilikuwa na pointi 6, shupaza tano na kopa mbili. Nikatoa kadi ya mbili kopa (dau huonyeshwa kwa kadi maalumu, si kwa mdomo). Kwa jinsi nilivyofundishwa, mbili kopa hapo ni uhamisho: namwambia mwenza wangu, "Nina shupaza tano, taja wewe shupaza." Yeye alijifunza kwa watu wengine, waliocheza kwa mtindo wa zamani, na kwake mbili kopa ilimaanisha nina kopa na sina nguvu. Akaweka pasi, yaani hakuongeza dau. Wapinzani wakaweka pasi. Nikabaki na mkataba wa mbili kopa, turufu mbili mkononi mwangu, na alipolaza karata zake mezani nikaona kopa tatu.

Mkataba ule ulidai tule mikono 8, yaani sita na hiyo miwili iliyotajwa, mkono mmoja ukiwa zile karata nne za mzunguko mmoja. Nilikula 5. Tukaandikiwa hasara ya 150, wakati kwenye meza nyingine wenye karata zilezile walicheza shupaza wakapata 110. Tuligombana njia nzima kurudi nyumbani, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake amekosea. Hakuna aliyekosea. Hatukuwa tumewahi kuulizana.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na kama una nafasi ya kushika mmoja tu, shika huu: kabla ya kwenda kwenye mashindano yoyote, kaeni chini mwandike makubaliano yenu kwenye karatasi. Klabu nyingi zina kadi maalumu ya kujaza makubaliano, na wapinzani wana haki ya kuisoma, kwa hiyo si siri. Ijazeni pamoja, kwa sauti. Moja bila turufu ni pointi ngapi? Mwenza akijibu mbili kopa, ana nini? Mpinzani akiingilia kati, uhamisho bado upo au umekufa? Dabo yetu, yaani kulizidisha maradufu dau la mpinzani, ni ya adhabu, au ni ya kumwomba mwenza ataje rangi yake (aina ya karata, kama kopa au shupaza)? Utashangaa ni maswali mangapi mnayajibu tofauti, na kila jibu tofauti ni ugomvi uliokuwa unawasubiri mezani.

Na msijaze mengi. Sisi tulianza na mambo manne: Stayman ya kuulizia kopa nne au shupaza nne, uhamisho wa Jacoby, dabo ya kuomba rangi, na Blackwood ya kuulizia ree. Tulikaa nayo mwaka mzima. Nimeona wanandoa wanaojifunza mbinu mpya kila wiki, mmoja akiikumbuka na mwingine ameisahau. Mbinu inayokumbukwa na mtu mmoja ina hasara kuliko kutokuwa nayo.

Huyo Oswald Jacoby ambaye uhamisho unabeba jina lake ana kisa ninachokipenda sana. Desemba 1931, huko New York, Ely Culbertson, mchezaji na mwalimu maarufu wa briji, alicheza mechi kubwa dhidi ya mchezaji mwenzake maarufu, Sidney Lenz, na sehemu kubwa ya mechi hiyo Culbertson alikaa na mkewe, Josephine. Mwenza wa Lenz alikuwa Jacoby. Ungedhani wanandoa ndio wangevunjika. Walioachana ni Lenz na Jacoby: wakalaumiana mezani, Jacoby akaondoka katikati ya mechi, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Upande wa Culbertson ulishinda mwezi Januari 1932. Kila mtu anaponiambia kwamba mume na mke hawawezi kucheza upande mmoja, namsimulia hicho kisa.

Sasa mezani penyewe. Tuna kanuni ambayo hatuvunji: mchezo ukianza, hakuna neno juu ya mgao uliopita. Hata kama zimebaki dakika mbili kabla ya meza inayofuata. Hata kama mwenzako ametupa mfalme chini ya ree. Maoni hata yakiwa ya haki yanaharibu mgao unaokuja, kwa sababu mwenzio anaanza kucheza akijilinda dhidi yako badala ya kuwakabili wapinzani. Kuna desturi ya mchezo inayosaidia: mwenza anapolaza karata zake wazi, anayecheza mkataba husema "asante, mwenzangu" kabla ya kufanya lolote. Sema hivyo kila mara, kwa sauti ileile, uwe umefurahi au umeshtuka.

Kulaza karata ndio mtihani wangu mimi. Ukishazilaza, huchezi tena. Mwenzako anakuomba karata, unampa aliyoitaja, na huna ruhusa ya kumshauri. Nilikuwa nikiona mume wangu anasahau kutoa turufu za wapinzani na mwili mzima unanikakamaa, naye alikuwa anauona mkakamao huo. Siku hizi ninahesabu karata za wapinzani kimyakimya, kana kwamba ninayecheza ni mimi. Macho yanabaki kwenye meza, si usoni pake, na hesabu yangu imekuwa nzuri zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wanandoa wanapaswa kulichukulia kwa uzito kuliko jozi nyingine zote. Ninajua mume wangu anapovuta pumzi ndefu ana maana gani. Kwenye briji, ninachojua kwa njia hiyo si halali kukitumia. Sheria ya 16 ya briji inasema wazi: mwenza wako akisitasita, au akabadili sauti, au akaweka kadi kwa namna fulani, huwezi kuchagua hatua ambayo kusita huko kumekudokezea kama ulikuwa na hatua nyingine ya maana. Mmezoeana, kwa hiyo mitego yenu ni mingi. Tulifanya mazoezi ya kuweka kadi kwa mwendo mmoja, ya pasi na ya kuruka kiwango cha dau vilevile. Akisitasita, najilazimisha kuangalia karata zangu tu na kujiuliza ningefanya nini kama asingesita. Mara kadhaa tumepoteza alama kwa sababu hiyo, na ninaona ni sawa kabisa.

Kuhusu mashindano, usiogope kwamba utapewa karata mbaya. Katika mashindano haya karata hukaa kwenye trei yenye mifuko minne, na trei ileile inapita kila meza. Unalinganishwa na jozi zilizoshika karata zilezile: pointi 2 kwa kila jozi uliyoishinda, 1 kwa mliyotoka sare. Kwa meza 8, trei moja inaweza kukupa hadi 14. Ndiyo maana mkono mmoja wa ziada ni mkubwa. Mbili shupaza ukila mikono 8 ni 110, ukila 9 ni 140, na hizo 30 zinaweza kukupitisha nusu ya chumba. Ile hasara yetu ya 150 ilitupa sifuri, na jioni ile tulimaliza na asilimia 38 ya pointi zilizowezekana.

Fikeni mapema, mwambieni mwamuzi kwamba ni wageni, na ombeni kukaa Kaskazini na Kusini (viti vya mezani huitwa kwa pande za dunia) kama mmoja wenu hapendi kuhamahama, maana kwa kawaida Mashariki na Magharibi ndio wanaohama. Likitokea lolote lisilo la kawaida, mwite mwamuzi. Kumwita si kumshtaki mtu. Muda ni kama dakika 7 au 8 kwa mgao, kwa hiyo fikiri kabla ya karata ya kwanza, kisha uende.

Na kama asubuhi mmekwaruzana juu ya jambo la nyumbani, msiende. Au nendeni kila mmoja na mwenza mwingine; nimefanya hivyo mara tatu, na kila mara nilirudi nikiwa na hamu ya kukaa tena na mume wangu.

Mazungumzo yanakuja kesho yake. Klabu yetu hutoa karatasi ya migao yote baada ya mchezo. Kila mmoja wetu anachagua migao miwili ambayo *yeye* anadhani alikosea, na hiyo ndiyo tunayoijadili. Mwingine haruhusiwi kuongeza wa kwake. Mwanzoni niliona inachelewesha, kwa sababu nilikuwa na orodha yangu ya makosa yake. Nikagundua kwamba mara nyingi anachagua uleule niliokuwa nao kichwani, na akiutaja yeye kwanza, tunabaki na swali la briji tu.

Juzi tulipata asilimia 56. Mume wangu alichagua mgao wa 14, pale alipoweka pasi juu ya dabo yangu. Tulitoa kadi ya makubaliano, tukakuta mstari wa dabo baada ya mpinzani kutaja bila turufu uko mtupu. Tumeujaza kwa kalamu.