Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia wapi
Uamsho huu, vuguvugu la Kikristo la toba, haukuanzia Kenya. Ulianzia Gahini, Rwanda, kwenye misheni ya Kianglikana, miaka ya 1930. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, anza Kampala 1929: Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kenya ulifika 1937.

Nayajua haya kwa wazee wetu wa ushirika. Mtu anasimama, anataja dhambi yake waziwazi, hata deni la sukari dukani, kisha wote wanaitikia Tukutendereza, wimbo wa kumsifu Yesu, kwa Kiluganda, hata wasiokijua. Ila usiuchanganye Uamsho huu na mikutano ya uamsho ya Kipentekoste ya viwanjani. Wengi wa watu wa Uamsho walibaki ndani ya makanisa yao.