Kabla PS4 yako haijajisasisha, angalia nafasi kwanza

Wengi wanaoniomba msaada wa PS4, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 4, huja na malalamiko mawili wakiyaona kuwa ni mambo tofauti: diski imejaa, na sasisho limegoma. Kwa muda ambao nimekuwa nikiziangalia mashine za ndugu zangu na za banda moja la gemu mtaani kwetu Dar es Salaam, nimejiridhisha kwamba mara nyingi hilo ni tatizo moja, na kwamba anayetunza nafasi kwenye diski yake hupunguza sana uwezekano wa kukwama wakati wa kusasisha.

PS4 ilipotoka Novemba 2013 ilikuwa na diski ya GB 500, lakini sehemu ya nafasi hiyo huchukuliwa na mfumo wenyewe, yaani programu inayoiendesha mashine, hivyo mtumiaji hubakiwa na GB 400 hivi. Wapo wanaoamini kwamba kununua michezo ya CD kunaokoa nafasi. Sivyo. Mchezo wa PS4 hunakiliwa wote kwenye diski ya ndani hata kama umeununua kwa CD, na CD hiyo inabaki kuwa kama kibali cha kuufungua. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019, pamoja na masasisho yake, ilivuka GB 200, yaani mchezo mmoja ulikula karibu nusu ya mashine nzima.

Jambo linalowatatiza watu zaidi ni hili: mashine inakuambia sasisho la mchezo ni dogo, GB chache tu, nawe una nafasi ya kutosha, lakini bado inakataa na kudai nafasi kubwa zaidi. Sababu ni kwamba PS4 haibandiki marekebisho juu ya faili za zamani. Baada ya kupakua, huingia hatua ya kunakili, ambapo huunda nakala mpya ya mchezo ikiwa na marekebisho ndani yake, na ile ya zamani hufutwa mwishoni. Kwa muda huo nakala mbili zinakaa pamoja kwenye diski. Kwa hiyo mchezo wa GB 80 unaweza kudai nafasi nyingine inayokaribia hiyo hiyo, hata kama sasisho lake ni la GB 2. Hatua hii huenda taratibu kwa sababu diski ya PS4 ni ya kuzunguka, na mtu asiyejua hudhani mashine imeganda, akachomoa waya wa umeme. Tafadhali usichomoe. Taa ikiwa inawaka na mstari unasogea hata kidogo, iache ifanye kazi yake. Mimi humshauri kila mtu aache wazi nafasi inayolingana na mchezo mkubwa kuliko yote alionao, na asiiguse akiba hiyo kwa kuongeza mchezo mwingine.

Unapotafuta cha kuondoa, anza na picha na video zilizorekodiwa wakati wa kucheza. Mashine za mabandani huwa zimejaza video ambazo hakuna aliyekusudia kuzirekodi, kwa kuwa kitufe cha kushirikisha kwenye padi hubonyezwa ovyo. Baada ya hapo futa mchezo usiochezwa, bila hofu, kwani kufuta mchezo hakufuti sevu zake, yaani kumbukumbu za ulikofikia. Hizo hukaa sehemu yake peke yake, na ukiurudisha mchezo utaendelea pale ulipoishia. Hata hivyo, kabla ya sasisho lolote la mfumo, nakili sevu kwenye flashi. PS4 inaruhusu jambo hilo bila malipo yoyote, na ni kazi ya dakika chache ambayo inaweza kukuokolea ligi uliyoijenga mwaka mzima.

Ukiona bado unabanwa, nunua diski ya nje. Tangu toleo la mfumo namba 4.50 la Machi 2017, PS4 hukubali diski ya USB 3.0 yenye ukubwa wa kuanzia GB 250 hadi TB 8, na michezo huchezwa moja kwa moja kutoka humo. Mashine huifomati diski hiyo upya, kwa hiyo usiilete yenye picha za harusi au kazi za chuo. Ichomeke kwenye mashine yenyewe, si kupitia kigawanyi cha USB, na ukumbuke kwamba sevu zitaendelea kukaa ndani. Jihadhari pia na flashi na diski zinazotangaza TB nyingi kwa bei ya kutupa, maana nyingi ni bandia: huonyesha ukubwa wa uongo na kuanza kupoteza faili zinapojaa.

Sasisho la mfumo wenyewe ni habari nyingine, na hapa ndipo watu huumia. Mpwa wangu alinipigia simu usiku mmoja umeme ulipokatika katikati ya sasisho. "Mjomba, imewaka lakini inaniambia niweke flashi, nibonyeze namba 7?" Nilimwambia asiguse kitu mpaka nifike. Namba 7 kwenye orodha ya hali salama (Safe Mode), ile inayotumika mashine ikipata hitilafu, hufuta kila kitu na kuuweka mfumo upya. Namba 3 husasisha mfumo na kuacha michezo na sevu zilivyo. Anza na namba 3 kila mara, na ile ya 7 iwe ya mwisho kabisa, baada ya njia nyingine zote kushindikana.

Ili kufika kwenye orodha hiyo, zima mashine kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka usikie mlio wa pili, ambao huja sekunde kama 7 baada ya wa kwanza. Padi lazima iunganishwe kwa waya, na hapa wengi hukwama bila kujua, kwa kuwa waya nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme tu bila kupitisha data. Kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 au exFAT, tengeneza folda iitwayo PS4, ndani yake folda iitwayo UPDATE, kisha weka humo faili la PS4UPDATE.PUP kutoka tovuti rasmi ya PlayStation, yote kwa herufi kubwa. Ukiwa umelipakua zaidi ya mara moja, kompyuta huongeza namba mwishoni mwa jina, na mashine hudai haioni faili. Rekebisha jina na tatizo litaisha. Tovuti hiyo ina mafaili mawili yenye jina moja: dogo ni la kusasisha, na lile kubwa, linalopita GB 1, ni la kuweka mfumo upya, kwa mfano baada ya kubadilisha diski ya ndani.

Kwa mtaa wenye umeme wa kukatikakatika, zima masasisho ya kujiendesha kwenye mipangilio, ili wewe ndiye uchague saa. Utaokoa pia kifurushi cha intaneti, ambacho mashine ikiachwa kwenye hali ya usingizi inaweza kukimaliza usiku kucha. UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, inatosha kuivusha PS4 na ruta kwa dakika ambazo mfumo unaandikwa. Lakini sikubaliani na wanaokataa kusasisha kabisa. Kabla ya toleo la 9.00 la Septemba 2021, PS4 ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, nayo haiwezi kufika kwenye mtandao wa PlayStation, ilikataa kufungua michezo, hata ya CD. Toleo hilo liliondoa kasoro hiyo.

Wenye PS5 wana unafuu kiasi. Diski ya PS5 za mwanzo, ya GB 825, huacha takriban GB 667, na tangu Septemba 2021 unaweza kuongeza ndani SSD ya M.2, yaani diski ndogo ya kasi isiyozunguka. Michezo ya PS5 haichezwi kutoka diski ya nje ya USB, ila inaweza kuhifadhiwa humo na kurudishwa bila kupakua upya.

Anayenunua PS4 iliyotumika aombe iwashwe mbele yake, afungue sehemu ya hifadhi aone ukubwa halisi wa diski, kisha aangalie namba ya toleo la mfumo. Muulize muuzaji waziwazi kama mfumo umevunjwa ulinzi ili mashine icheze michezo ya kunakili, kwa sababu ukiisasisha mashine ya namna hiyo michezo hiyo itakataa kufunguka, na PS4 haina njia ya kurudi kwenye toleo la nyuma.