Chunya: machimbo, mashimo ya zamani na pori la miombo

Ndugu uliyeuliza kama safari ya siku tatu kutoka Mbeya mjini hadi Chunya inamfaa mtu anayetaka kuona machimbo ya dhahabu na pia kutembea porini, jibu langu ni kwamba inamfaa sana, mradi ajue kuwa mambo hayo mawili hayatenganishiki, kwani machimbo yenyewe yamo ndani ya pori.

Barabara ni ya lami, yapata kilomita 70, nayo hupanda safu ya milima ya Mbeya hadi kwenye baridi na ukungu kabla ya kuteremka kwenye joto la miombo. Simama mahali panapoitwa Mwisho wa Dunia, ambapo bonde la Usangu huonekana chini kabisa. Chukua sweta, hata kama unakoenda kuna jua kali.

Dhahabu ya Lupa, yaani eneo la machimbo linaloizunguka Chunya, ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920, kwanza ile ya mchangani mwa mito, kisha ile iliyomo kwenye miamba. Leo utawakuta wachimbaji wadogo wakishuka kwenye maduara, yaani mashimo marefu ya kuchimbia, mawe yakisagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na unga wake ukioshwa kwenye mwalo, yaani sehemu ya kuoshea ili dhahabu itengane na mchanga. Usiingie eneo la mtu bila ruhusa ya msimamizi wake. Ukiomba kwa heshima, mara nyingi utaelezwa kila hatua kwa ukarimu mkubwa. Hata hivyo, dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki inapochomwa, ondoka hapo na uwaondoe watoto kabisa, kwa sababu mvuke wa zebaki hauna harufu na huharibu ubongo na figo. Hilo linaniuma kila niendapo, maana nimewaona akina mama wakichoma jirani na jiko la chakula.

Watu wengi huniuliza kuhusu simba, lakini kilichonitisha mimi ni mashimo. Upande wa Matundasi niliacha njia ili nipige picha, nikaweka mguu juu ya nyasi ambazo chini yake hapakuwa na ardhi, mzee aliyekuwa akiniongoza alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, hapa tunatembea pale walipotembea wenzetu." Lilikuwa duara lililoachwa zamani, na jiwe alilolirusha ndani lilichelewa kutoa sauti. Tangu siku hiyo sitembei bila mwenyeji, na namlipa kwa siku nzima hata nikimhitaji kwa saa mbili.

Ukitaka pori lililo tupu zaidi, pita Makongolosi uelekee kaskazini kupitia Lupatingatinga na Mafyeko hadi Kambikatoto, njia iendayo Rungwa. Huko mbung'o ni wengi, na huvutwa na nguo za rangi ya bluu na nyeusi, hivyo vaa za rangi ya udongo. Pori la akiba halikanyagwi bila kibali, kwa hiyo lishughulikie jambo hilo kabla ya kuondoka mjini.

Mimi hupendelea Septemba na Oktoba, wakati majani machanga ya miombo huchipua yakiwa mekundu kabla hata mvua haijanyesha. Siku ya kurudi, ondoka Chunya mapema ili uvuke mlima kungali mchana, kwa kuwa ukungu wa jioni kule juu huificha hata kona iliyo mbele yako.