Morgan na ule uvumi wa chasisi ya mbao
Uliyeuliza kama Morgan, kampuni ya magari ya Uingereza, wanatumia chasisi (kiunzi cha chini kinachobeba gari zima) ya mbao: hapana, ilikuwa chuma, na siku hizi ni alumini. Mbao ipo kwenye fremu inayoshikilia bodi, na hadi leo mafundi huiunda kwa mkono pale kiwandani Malvern, Uingereza.

Mwanzilishi, H.F.S. Morgan, alianza na gari la magurudumu matatu, la kwanza likiwa la mwaka 1909. Hapo alicheza vizuri, maana lilitozwa kodi kama pikipiki, hivyo watu wa kipato cha kawaida walilimudu. La magurudumu manne, 4-4, lilikuja 1936. Mwaka 2019 hisa nyingi za kampuni zilinunuliwa na Investindustrial, kampuni ya uwekezaji yenye asili ya Italia. Binafsi nachagua Plus 8 ya 1968: umbo la kizee, injini ya V8 (silinda nane) kutoka kampuni ya magari ya Rover!