Jani likiungua pembeni, chimba kwanza

Kila masika majirani huniletea majani ya mgomba yaliyogeuka manjano ya chungwa na kukauka ukingoni. Wanataka kujua waongeze potashi, yaani mbolea ya potasiamu, kiasi gani. Mimi huwaambia tuchukue jembe tukaone mizizi.

Dalili zenyewe ni za potasiamu, hilo silipingi. Huanzia majani ya chini kwa sababu mmea ukipungukiwa huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machipukizi. Lakini potasiamu iliyo udongoni bado haijawa ya mgomba. Ndani ya seli ya mzizi inaweza kuwa mara mia au hata elfu ya iliyomo kwenye maji ya udongo, na bado mmea unatakiwa kuvuta nyingine.

Huipitisha kwenye milango ya protini iliyo katika utando wa seli. Mmoja unaitwa AKT1. Jeni lake lilipatikana mwaka 1992 katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali. Mlango huo haukai wazi wakati wote. Potasiamu ikipungua, kalsiamu hupanda ndani ya seli, protini za CBL1 na CBL9 huinasa, kisha huishika nyingine iitwayo CIPK23 na kuisogeza hadi kwenye utando. CIPK23 huibandika AKT1 fosfeti, kipande kidogo chenye fosforasi, na potasiamu huanza kuingia. Mwaka 2006 watafiti walilionyesha hili kwa mayai ya chura: AKT1 ikiwekwa humo peke yake haikupitisha kitu, ikiwekwa pamoja na CIPK23 na CBL1 mkondo wa potasiamu ukapita. Ushahidi huo mimi naupenda sana. Zipo pia protini zinazoiondoa ile fosfeti na kuufunga mlango.

Sasa angalia shamba lililotuama maji. Fosfeti hiyo hutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na pampu zinazoifanya seli iwe na chaji hasi ndani, ile inayoivuta potasiamu, nazo hula ATP. Mzizi usiopata hewa hauna nishati ya kutosha kwa kazi hizo. Utamwaga mfuko mzima wa MOP, ile mbolea ya potashi ya dukani, na jani litaendelea kuungua.

Kwa hiyo chimba kando ya shina. Mizizi myeupe na migumu ni mizima. Ikiwa myeusi, laini na inanuka, chimba mitaro kwanza, usinunue chochote. Ukiikuta imekatwakatwa na palizi ya jembe, acha kulima karibu na shina, weka matandazo. Mizizi ikiwa salama na dalili zipo, hapo peleka udongo ukapimwe, kisha weka potashi kidogo kidogo kwa awamu, udongo ukiwa na unyevu. Ukiirundika kwa mara moja, potasiamu nyingi huizuia magnesiamu isiingie, na utaanza kuhangaika na umanjano wa aina nyingine. Majivu ya jikoni nayo yana potasiamu. Yatawanye mbali kidogo na shina.